Kaa wa Pwani na Kaa la Moto

Kwa sisi tuliolelewa Mji wa Kale wa Mombasa, kaa anayekimbia upande upande mchangani na kaa linalowaka jikoni ni maneno mawili, ijapokuwa kalamu huyaandika sawasawa. La kwanza hutamkwa kwa pumzi inayosukumwa baada ya k, na la pili halina pumzi hiyo. Ndivyo ilivyo pia kwa paa anayewindwa na paa linaloezekwa. Pumzi yenyewe haidumu hata sehemu moja ya kumi ya sekunde, na nguvu yake imetawanyika katika masafa ya kati na ya juu, mahali pale pale ambapo spika ya njia mbili huipokeza sauti kutoka wufa, yaani koni kubwa ya sauti nzito, hadi twita, ile ndogo ya sauti nyembamba. Spika isiyorekebishwa vyema huimeza pumzi hiyo, na msikilizaji akabaki kukisia maana kwa kufuata maneno ya jirani. Jambo hili sikulijua nilipoanza kuunda spika. Nilifundishwa na mama yangu, ambaye hajapata kushika pasi ya kulehemu maishani mwake.

Nilichokuwa nikikitafuta ni sauti ya marehemu mjomba wangu. Aliacha kanda moja ya kaseti, iliyorekodiwa sebuleni mwetu akiwasomea jamaa mashairi, na humo sauti yake imo peke yake bila ala yoyote. Redio ya kaseti ya nyumbani ilipokufa niliihamishia kanda hiyo kwenye kompyuta, nikaichezesha kwa vispika vidogo vya plastiki. Mama akasikiliza beti mbili, akainuka akaenda zake jikoni. Jioni hiyo niliamua kwamba nitaunda spika zangu mwenyewe, na kwamba kazi haitakuwa imekwisha mpaka Mama akae hadi mwisho wa kanda.

Koni moja haiwezi kuibeba vyema sauti yote ambayo sikio la mwanadamu huisikia, yaani kuanzia hezi 20, mitikisiko 20 kwa sekunde, hadi hezi 20,000. Besi hutaka koni pana yenye kusukuma hewa nyingi, ilhali masafa ya juu hutaka kitu chepesi kinachoweza kutikisika maelfu ya mara kwa sekunde. Tena koni pana, mawimbi yanapokuwa mafupi kuliko upana wake, huielekeza sauti mbele tu kama mwanga wa tochi, na aliyeketi pembeni hukosa sehemu yake. Ndiyo sababu kazi hugawanywa kati ya wufa na twita. Kanuni ya koili, yaani waya uliozungushwa, inayocheza ndani ya sumaku, ambayo Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric waliieleza mwaka 1925, ndiyo ile ile inayofanya kazi katika zote mbili.

Wufa niliyoichagua ni ya inchi 6 na nusu, na ukingo wake ni wa mpira. Hili la ukingo naomba lizingatiwe na kila anayeishi pwani, kwa sababu ukingo wa sponji huoza kwa joto na unyevu, na nimeshuhudia spika nzuri za watu zikipukutika ukingo kama mkate mkavu ilhali sumaku na koili yake bado ni nzima. Twita ni ya kuba la hariri lenye upana wa milimita 25. Pamoja na wufa huja karatasi ya tarakimu tatu zilizo muhimu kuliko wati zote zinazoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi: masafa ambayo koni hutikisika yenyewe ikiachwa huru, ambayo kwa yangu ni hezi 48, kipimo cha jinsi mtikisiko huo unavyozuiwa, 0.38, na ujazo wa hewa wenye ugumu sawa na ule wa ukingo wa koni, lita 20. Neville Thiele wa Australia mwaka 1961, na baada yake Richard Small katika miaka ya 1970, ndio waliotuwezesha kuzichukua tarakimu hizo na kuukokotoa ukubwa wa kasha kabla ya kukata hata ubao mmoja. Kabla yao, kasha mara nyingi lilitafutwa kwa kubahatisha na kwa msumeno.

Kasha langu la kwanza lilikuwa la MDF, ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi, wa milimita 18, na masika hayakuliacha. Ubao ule hunywa unyevu kwenye kingo zilizokatwa, na ulipovimba, kiungo cha chini kilifunguka ufa mwembamba ambao jicho halikuuona lakini hewa iliupata. Kila noti ya besi ikawa inafuatana na mlio mdogo wa kufoka. La pili nililifanya kwa plaiwudi ya aina inayotumiwa kwenye boti, unene ule ule, na kwa ndani lina upana wa sentimita 18, kina cha 26 na kimo cha 36, yaani lita 16 na ushei. Kila kingo iliyokatwa niliinywesha vanishi mara tatu kabla ya kuunganisha, skrubu zikawa za chuma kisichoshika kutu, na ncha zote za waya nikazipaka lehemu, kwa maana hewa ya chumvi huigeuza shaba tupu kuwa kijani kabla mwaka haujaisha. Ndani nilijaza sufi ya kawaida ya mito, iliyochambuliwa vizuri ikatenganishwa mbegu, ambayo hunyonya mwangwi wa masafa ya kati usirudi ukapenya kwenye koni.

Mfano niliouiga ulikuwa na bomba la besi, nami nikaweka bomba la plastiki lenye kipenyo cha sentimita 5 na urefu wa 11, ambalo kwa kasha la lita 16 hulia kwenye hezi 50 hivi, kwa njia ile ile chupa inavyolia ukipuliza mdomo wake. Juu ya paa la nyumba, nilikozijaribu kwanza, besi ilikuwa ya kupendeza, nzito na tulivu. Nilipoziteremsha spika sebuleni, chumba kizima kikawa kinavuma, na sauti ya mjomba ikasikika kama ya mtu aliyekaa ndani ya mtungi.

Ilinichukua wiki mbili kutambua kwamba kosa halikuwa la kasha bali la ndoa kati ya kasha na nyumba. Wajenzi wa zamani wa nyumba za mawe walifuata urefu wa boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haiwezi kubeba sakafu nzito ya mawe na chokaa kwa upana mkubwa, vyumba vyao vilitoka virefu na vyembamba, kiasi cha mita 2.5 hadi 3 kutoka ukuta hadi ukuta. Chumba chetu kina mita 2.8. Sauti husafiri kwa mita 347 hivi kwa sekunde katika joto letu, na ukizigawanya kwa mara mbili ya upana huo unapata hezi 62, ambapo wimbi hujikamilisha barabara kati ya kuta mbili na kujiimarisha kila linapogonga. Kuta zenyewe ni za mawe ya matumbawe, nene na nzito, ambazo haziyumbi wala haziruhusu besi kutoroka kama kuta za mbao zinavyofanya. Kwa hiyo bomba langu lilikuwa likimimina nguvu pale pale ambapo nyumba tayari ilikuwa na nguvu ya kuzidi. Zidaka zilizochongwa ukutani hutawanya masafa ya juu kwa uzuri usio na kifani, na mikeka na mapazia husaidia masafa ya kati, lakini hakuna zulia linaloweza kuzuia wimbi lenye urefu wa mita 5 na nusu.

Dawa ilikuwa kipande cha kikoi. Niliviringisha kitambaa nikakisokomeza ndani ya bomba mpaka hewa isipite, na mvumo ukaisha papo hapo. Hesabu yake ni hii: wufa yangu ndani ya kasha lililofungwa la lita 16 huanza kuteremka taratibu karibu na hezi 72, tena kwa mteremko wa upole, na chumba chembamba hujazia chini yake kile ambacho kasha limekiacha. Baadaye niliweka kizibo cha mbao chenye mpira. Kasha lililofungwa lina faida nyingine ya kujikagua lenyewe: ibonyeze koni polepole kwa vidole vya mikono miwili kisha uiachie, ikirudi kwa kusita, kasha halivuji, na ikirudi kwa kuruka, tafuta ufa.

Hadi hapo nilikuwa nimeshughulikia besi tu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii, kwani ina kanuni na kanuni hizo hazikosei sana. Ugumu wote uko kwenye krosova, saketi inayogawa masafa kati ya wufa na twita.

Nilianza na mpangilio unaotokana na kazi ya Siegfried Linkwitz na Russ Riley, ambayo Linkwitz aliichapisha mwaka 1976. Kwa makutano ya hezi 2,500 na mzigo wa omu 8, kila upande huhitaji kapasita, kifaa kinachopitisha masafa ya juu na kuzuia ya chini, ya mikrofaradi 4, na koili, inayofanya kinyume chake, ya milihenri 1. Koili nilizizungusha mwenyewe kwa waya wa shaba wenye koti la vanishi, ule unaotumiwa na mafundi wanaofunga upya mota za pampu, na nikazilaza moja ikitazama juu na nyingine ubavu, kwa sababu koili mbili zikitazamana sumaku yake huvuka kutoka moja hadi nyingine. Kapasita zilinipa funzo. Duka moja liliniuzia nne zilizoandikwa mikrofaradi 3.9, na mita ikaonyesha kwamba mbili kati yake hazifiki 3. Tangu hapo silehemu kapasita yoyote kabla ya kuipima. Sambamba na wufa niliweka rezista, kifaa cha kukinza umeme, ya omu 7.5 na kapasita ya mikrofaradi 10 zilizofuatana, ili ukinzani wa wufa usizidi kupanda kwenye masafa ya juu na kuharibu hesabu ya krosova. Na kwa kuwa twita ilikuwa na sauti kubwa kuliko wufa kwa desibeli 2, niliitanguliza kwa rezista ya omu 1.8 na kuipitisha nyingine ya omu 33 ubavuni mwake.

Nikamwita Mama.

Alisikiliza beti moja. “Huyu siye kaka yangu,” akasema. “Kaka yangu alikuwa na kifua. Huyu asemea puani.”

Siku ya pili nilipanda juu ya paa baada ya sala ya alfajiri, kabla ya kunguru kuamka, kwani wakianza hakuna upimaji tena. Niliiweka spika juu ya ngazi, kimo cha mita 1.2, na maikrofoni ya kupimia mita moja mbele yake, nikatumia programu ya Room EQ Wizard inayopatikana bure kwenye intaneti. Mwangwi wa sakafu hufika ukiwa umechelewa kwa milisekunde 4.6, na ukiukata kabla haujafika unabaki na kipimo cha spika peke yake, kinachoaminika kuanzia hezi 220 hivi kwenda juu. Mchoro ulimuunga mkono Mama. Kuanzia hezi 1,000 kushuka hadi 300 mstari ulikuwa ukiteremka kama ngazi ya forodhani. Sababu yake ni upana wa uso wa kasha: mawimbi mafupi husukumwa yote mbele, lakini yanapokuwa marefu kuliko upana huo huanza kuzunguka kasha na kwenda nyuma, na kwa uso wa sentimita 21.6 mgeuko huo uko karibu na hezi 530. Penye uwazi mtupu hasara yake hufika desibeli 6. Sebuleni, ambako ukuta wa nyuma hurudisha sehemu ya nguvu hiyo, nilikadiria kwamba kurejesha 3 kungetosha, nikaikuza koili ya wufa kutoka milihenri 1 hadi 1.8 ili masafa ya kati yapungue na kifua kibaki kilipo.

Mama aliitwa tena. “Sasa kifua kimerudi,” akasema, “lakini yu nyuma ya pazia.” Kisha akainamisha kichwa, akasikiliza mstari mmoja, akaniuliza swali ambalo sikuwa nimelitarajia kwa mtu anayepima spika: “Hapo ataja kaa gani, mnyama au moto?”

Nilirudisha mstari ule mara tano. Mimi niliyeukariri shairi hilo nilidhani naisikia pumzi, lakini sikuwa naisikia, nilikuwa naikumbuka. Nilipopima, makutano yalikuwa na shimo. Kwenye hezi 2,500 mstari ulizama zaidi ya desibeli 15 kisha ukapanda tena, shimo jembamba ambalo muziki wa ala nyingi ungeweza kulifunika lakini sauti ya mtu mmoja haikuwa na cha kulifunikia.

Kosa lilikuwa langu, na ni kosa ambalo akili ya kawaida humwelekeza mtu kulifanya. Nilikuwa nimeunganisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi kila mahali. Lakini krosova ya aina hii, penye makutano, huichelewesha wufa na kuiharakisha twita hata zikawa zinapingana kabisa, moja ikisukuma hewa wakati nyingine inaivuta, na ndiyo maana twita hugeuzwa waya zake makusudi. Niligeuza. Shimo likajaa, ila si lote, kwa kuwa koni ya wufa imezama ndani na mahali sauti inapoanzia pako nyuma ya kuba la twita kwa sentimita 2.5. Masafa ya hezi 2,500 yana wimbi la sentimita 14 tu, hivyo umbali huo mdogo ni sawa na digrii 65 za mzunguko, ambazo si kidogo. Nilichonga kabari mbili za mvule zenye kimo cha sentimita 5, nikaziweka chini ya ukingo wa mbele wa kila kasha, na spika zikaegemea nyuma kwa digrii 10, kiasi cha kuirudisha twita nyuma, mbali na aliyeketi mbele yake, kwa umbali ule ule.

Kuna namna ya kuhakiki jambo hili ambayo naipenda kwa uaminifu wake. Ukigeuza tena waya za twita kwa makusudi, shimo linapaswa kurudi likiwa refu na lenye pande zinazolingana. Kadiri shimo la kinyume linavyozama, ndivyo zinavyopatana wufa na twita zinapounganishwa sawa. Langu, baada ya kabari, lilizama desibeli 25. Nilirudisha waya mahali pake, nikalehemu, nikacheza ule mstari. Kaa alikuwa na pumzi. Alikuwa mnyama, tena nikaona hata jinsi mjomba alivyoirefusha kidogo pumzi hiyo kwa ajili ya mzaha, na waliohudhuria wakacheka. Kicheko kile nilikuwa nikikisikia miaka yote bila kujua chanzo chake.

Lilibaki jambo moja, ambalo nilijiletea mwenyewe. Nilipoikuza koili ya wufa ili kurejesha kifua, nilishusha masafa ya kati, na twita ikabaki juu yake bila kuguswa. Kipimo kilionyesha hivyo, lakini Mama alikiwahi: “Hizo sa zake zachoma masikio.” Kiswahili ni lugha nzuri kwa ukaguzi wa sehemu hii, kwa kuwa sauti ya sh huanzia chini, kwenye kilohezi 2 au 3, mahali pa makutano, ilhali s hukaa juu zaidi, ndani ya himaya ya twita peke yake. Mtu akitamka sahani na shahada, sahani na shahada, na kila s ikatoka mbele hatua moja kuliko kila sh, basi twita imezidi. Nilibadilisha rezista zikawa omu 3.3 na omu 15, ambazo hupunguza desibeli 4 na kidogo. Nilijaribu pia kupunguza 5, na hapo s zikapoa lakini hewa ya chumba iliyomo ndani ya kanda, ule mvumo mwembamba unaokujulisha kwamba watu wapo, ikatoweka. Nikarudi kwenye 4.

Wahandisi wa BBC waliobuni spika ndogo ya LS3/5A katika miaka ya 1970, kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje, nao waliipa sauti ya mtu anayezungumza uzito mkubwa katika kuamua kama spika ni ya kweli, na sasa naelewa kwa nini. Ngoma ikiongezwa desibeli 2 bado ni ngoma. Ndugu yako akiongezwa desibeli 2 mahali pasipostahili, ni mtu mwingine.

Mabadiliko yote hayo nimeyaandika daftarini, moja moja, na tarehe yake, kwa sababu anayebadilisha vitu viwili kwa siku moja hatajua ni kipi kilichomsaidia. Daftari linaonyesha majaribio 31 kati ya kikoi na rezista ya mwisho. Jaribio la 31 lilikuwa siku ya Ijumaa, baada ya chakula cha mchana. Mama alikaa kwenye mkeka, akaegemea mto, na safari hii hakuinamisha kichwa. Zilipita beti kumi, zikapita kumi nyingine. Nilisubiri aseme kitu kuhusu sauti, nami nilikuwa nimeshika kalamu.

“Hapo,” akasema, akinyoosha kidole kuelekea katikati ya spika mbili, ambapo hapakuwa na kitu ila ukuta na kidaka. “Hapo ameruka ubeti.”

Akausoma mwenyewe, mistari yote minne, kisha akaniambia, “Haya, mwanangu, mwache aendelee.”